Kisu cha Kukunja Hununuliwa Pamoja na Kinoo Chake

Mtu anayetafuta kisu cha kukunja siku hizi, hasa akitafuta katika maduka ya Marekani yanayouza kwa mtandao, hukutana na majina ya vyuma kabla hajajua hata kisu chenyewe kina urefu gani. S30V, S35VN, S45VN, M390, 20CV, Elmax, MagnaCut: jina huchorwa kwenye bapa, karibu na bawaba, na bei hupanda au kushuka kulifuata. Ndugu na marafiki wanaojua kuwa ninapenda visu huniuliza chuma kipi kati ya hivyo ndicho bora, nami huwajibu kwa swali linalowaudhi kidogo: nyumbani una kinoo gani? Sikwepi swali lao. Chuma cha hali ya juu hutofautiana na chuma cha kawaida kwa namna kinavyochelewa kuwa butu na kwa namna kinavyokataa kunolewa, na mambo hayo mawili yana chanzo kimoja, hivyo anayelipia la kwanza amekwisha kulipia na la pili, apende asipende.

Kizazi cha wazazi wetu hakikuwa na haja ya mazungumzo haya. Kisu cha mfukoni kilichosambaa sana barani ni okapi, chenye kipini cha mbao kilichopambwa kwa miezi na nyota za madini, pete ya chuma mgongoni, na meno ya kufungia yanayolia kra-kra-kra bapa linapofunguliwa. Kilianza kutengenezwa Ujerumani mwaka 1902 ili kiuzwe katika makoloni ya Kijerumani ya Afrika, na nchi yetu, Tanzania bara ya leo, wakati huo ilikuwa sehemu ya mojawapo. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini. Bapa lake ni chuma cha kaboni cha kawaida kabisa, chenye kaboni ya takriban asilimia 0.55 na kisicho na kinga yoyote ya kutu. Huwa butu upesi, lakini hunoleka juu ya jiwe lolote, hata juu ya kitako cha kikombe cha kauri pale palipoachwa bila kung'arishwa, kwa dakika chache tu. Mwenye okapi hakuwahi kukwama kwa kukosa kinoo. Mwenye kisu cha dola 200 anaweza kukwama, na huyo ndiye ninayemwandikia.

Ili tuelewane, inafaa kutazama ndani ya chuma kidogo. Kaboni iliyomo kwenye chuma cha pua haikai peke yake. Baadhi yake hushikana na madini mengine, kama kromiamu, vanadiamu na molibdenamu, na kuunda punje ndogo sana zinazoitwa kabaidi, ambazo ni ngumu kuliko chuma kinachozizunguka na zimetapakaa ndani yake kama kokoto ndani ya zege. Kisu kinapokata kitu kinachokwaruza, tuseme katoni iliyojaa vumbi au kamba ya katani, chuma laini kilicho katikati ya punje huliwa kidogo kidogo, ilhali punje zenyewe hubaki zimesimama na kuendelea kukata. Chuma chenye punje nyingi na ngumu kitadumisha makali kwa muda mrefu zaidi. Hilo ndilo linalouzwa kwa bei kubwa, na ni la kweli.

Tatizo la zamani lilikuwa ukubwa wa punje. Chuma kikiyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu kubwa kwa njia ya kawaida hupoa polepole, na punje hupata muda wa kukua na kukusanyika mahali pamoja hadi kufikia makumi ya mikroni (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita). Ukingo wa kisu kilichonolewa vizuri ni mwembamba kuliko mikroni moja, kwa hiyo punje kubwa ikiangukia pale pale kwenye makali, ama itang'oka na kuacha pengo, ama itavunjika. D2, chuma cha zamani cha kutengenezea vifaa vya viwandani ambacho sasa kinapatikana kwenye visu vingi vya bei nafuu kutoka China, kina sifa hiyo: kinakata kwa muda mrefu, lakini makali yake ukiyatazama kwa kioo cha kukuzia yanaonekana kama msumeno uliochakaa.

Kampuni ya Crucible ya jimbo la New York ilipoanza kutengeneza chuma kwa njia ya unga, mnamo mwaka 1970, ilikuwa inajibu tatizo hilo. Chuma kilichoyeyuka hupitishwa kwenye tundu dogo, kikapigwa na gesi yenye shinikizo kubwa hadi kikatawanyika kuwa matone, na kila tone likaganda papo hapo kabla punje hazijapata nafasi ya kukua. Unga unaopatikana hufungwa ndani ya chombo cha chuma, ukapashwa moto na kukandamizwa pande zote hadi ukashikana kuwa bonge moja lisilo na tundu. Punje za chuma cha namna hii ni za mikroni chache tu, tena zimesambaa sawasawa. Herufi CPM zinazotangulia majina mengi ya vyuma kwenye visu vya Marekani zinatokana na njia hiyo. Kampuni yenyewe iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika Desemba 2024, na Erasteel ya Ufaransa ikanunua sehemu ya mali zake mwaka uliofuata. Wapenzi wa visu walihangaika kana kwamba wamefiwa, jambo lililonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja.

S30V ndiyo iliyofungua zama hizi. Ilitoka mwaka 2001, imebuniwa na Dick Barber wa Crucible kwa kushauriana na watengenezaji wa visu, hasa Chris Reeve, fundi aliyehamia jimbo la Idaho kutoka Afrika Kusini. Ina kaboni asilimia 1.45, kromiamu asilimia 14, vanadiamu asilimia 4 na molibdenamu asilimia 2. S35VN iliyofuata mwaka 2009 ilipunguza vanadiamu hadi asilimia 3 na kuongeza niobiamu kidogo, ili bapa lisimeguke upesi na mafundi wasihangaike kulisaga. S45VN ya mwaka 2019 iliongeza kromiamu hadi asilimia 16. Waaustria wa Böhler wana M390 yao, yenye kaboni asilimia 1.9 na kromiamu asilimia 20, na 20CV ya Crucible ilifuata mchanganyiko uleule kwa karibu sana. Anayepoteza usiku akilinganisha kisu cha M390 na kisu cha 20CV analinganisha nembo. Juu zaidi kuna S90V, yenye vanadiamu asilimia 9, ambayo ni chuma cha mtu mwenye subira.

Subira, nasema, kwa sababu ya jiwe. Ugumu wa vitu vidogo kama hivi hupimwa kwa kipimo cha Vickers. Kabaidi ya kromiamu hufikia takriban 1,500 katika kipimo hicho. Alumini oksaidi, ambayo ndiyo hutengenezea vinoo vingi vinavyouzwa madukani, iko karibu na 2,100. Kabaidi ya vanadiamu hufika karibu 2,800. Maana yake ni kwamba jiwe la kawaida linakata chuma na kabaidi ya kromiamu bila shida, lakini likikutana na punje ya vanadiamu haliwezi kuikata; linakwangua chuma kilicho kandokando tu, punje inabaki imejitokeza au inang'oka mzimamzima. Kwa S30V mtu bado anaweza kuendelea na jiwe hilo akapata makali mazuri, ila atachukua muda mrefu na jiwe litalika. Kwa S90V atakata tamaa. Kinachokata punje hizo bila mabishano ni almasi, na bahati nzuri sahani za chuma zilizopakwa chembe za almasi zimeshuka bei mno kiasi kwamba hata zile za hali ya wastani zinafanya kazi inayoridhisha.

Kwa hiyo ninapomshauri mtu mwenye kiasi fulani cha fedha, humwambia atenge sehemu ya sahani ya almasi kwanza, yenye upande wa chembe kubwa wa kusaga na upande laini wa kumalizia, na mkanda wa ngozi uliobandikwa juu ya ubao, kisha fedha inayobaki ndiyo bajeti ya kisu. Wengi hufanya kinyume. Hununua kisu, wakakisifu kwa mwaka mzima kwamba hakijawahi kuhitaji kunolewa, halafu siku kikihitaji wakakipeleka kwa fundi anayezunguka mtaani na baiskeli iliyofungwa gurudumu la jiwe. Mafundi hao nawaheshimu, panga na visu vya jikoni vya mtaa mzima vinawategemea, lakini gurudumu kavu linalozunguka kasi hupasha moto ukingo mwembamba ndani ya nukta chache. Chuma kilichokwisha kutiwa ugumu wake kiwandani hurejeshwa nyuma kidogo kwa kupashwa tena moto wa takriban nyuzi 200 za Selsiasi. Makali yakipita kiwango hicho juu ya gurudumu, sehemu ile iliyoungua imelainika na haitarudi isipokuwa isagwe yote iondoke. Cheche zinaporuka ndipo nguvu ya chuma inapoondoka nazo, na mteja bado anatabasamu kwa sababu kisu kinakata nywele za mkono.

Kunoa kwa sahani ya almasi ni kazi ya utulivu. Kisu huwekwa kikiwa kimeinuka nyuzi 15 hivi, sahani ikiwa na tone la maji, na husukumwa kuanzia kisigino cha bapa, yaani upande wa kipini, hadi ncha bila kukandamizwa, kwa kuwa almasi inakata yenyewe, na anayekandamiza hung'oa chembe zake. Sauti huanza ikiwa ya kukwaruza, ikawa nyembamba kadiri makwaruzo yanavyosawazika. Baada ya muda, ukipitisha kidole gumba taratibu kutoka mgongoni kwenda nje ya makali, kamwe si kwa kuyafuata, utahisi kijiuzi cha chuma kilichojikunja upande wa pili, chembamba kiasi kwamba macho hayakioni bila mwanga wa pembeni. Kijiuzi hicho ndicho ushahidi kwamba umefika ukingoni hasa. Kabla hakijatokea, hujanoa bado, hata ukisugua saa nzima. Kikitokea kwa urefu wote wa bapa, unageuza upande. Kwenye chuma chenye vanadiamu nyingi kijiuzi hicho ni king'ang'anizi, na usipokimaliza kwa mipigo myepesi ya kupokezana pande na kwa mkanda wa ngozi, kisu kitakata karatasi vizuri jioni hiyo na kitakuwa butu kesho yake asubuhi. Lawama nyingi zinazotupiwa vyuma vya ghali mizizi yake ni hapa.

Sasa tuje kwenye kutu, jambo ambalo wanaoandika kutoka miji mikavu ya bara la Marekani hulipitia juujuu. Ninaishi Tanga, karibu na maji, ambako msumari ulioachwa barazani huwa mwekundu kabla ya mwezi kwisha na jasho la mfukoni peke yake linatosha kuchora madoa kwenye bapa. Mtu wa huku akisoma kwamba chuma fulani kina kromiamu asilimia 12 au 14 hudhani amepata kinga, kwa sababu mafundisho ya kawaida yanasema chuma kikifikisha kromiamu ya takriban asilimia 10.5 hakishiki kutu. Lakini kinachozuia kutu ni kromiamu iliyo huru ndani ya chuma, ile inayoweza kujenga utando mwembamba juu ya uso wake; kromiamu iliyokwisha kufungwa na kaboni ndani ya kabaidi haisaidii kitu. D2 ina kromiamu asilimia 12 na bado inashika kutu, kwa kuwa kaboni yake ya asilimia 1.5 imemeza sehemu kubwa. Hata S30V, ambayo bara haina neno, huku pwani nimeiona ikitoa vidoadoa vya rangi ya chai karibu na maandishi yaliyochorwa, pale ambapo chumvi hukaa na kitambaa hakifiki.

MagnaCut ilibuniwa kwa kulitazama hilo moja kwa moja. Aliyeibuni ni Larrin Thomas, mtaalamu wa madini ambaye baba yake ni fundi wa visu, na ilitangazwa mwaka 2021. Ina kaboni asilimia 1.15, vanadiamu asilimia 4, niobiamu asilimia 2, naitrojeni kidogo, na kromiamu asilimia 10.7 tu. Kwa kutazama namba, msomaji angedhani imerudi nyuma kwenye suala la kutu. Hesabu yake ni kwamba kaboni inayounda kabaidi ishikwe na vanadiamu na niobiamu, pasibaki kabaidi ya kromiamu hata moja, ili kromiamu yote ibaki huru kulinda uso. Matokeo ni chuma kinachopambana na kutu kuliko S30V yenye asilimia 14, na papo hapo kinavumilia kupindwa na kupigwa bila kumeguka kuliko vyuma vingi vya kundi lake, maana kabaidi zilizosalia ni ndogo. Sipendi kushabikia bidhaa, lakini hiki ni kisa nadra ambapo sifa zinazotangazwa zinalingana na kilichomo ndani.

Kwa anayefanya kazi ndani ya maji yenyewe, kama wenye mashua na wazamiaji, kuna njia nyingine ya kutumia naitrojeni badala ya sehemu kubwa ya kaboni. LC200N ndiyo maarufu: kaboni asilimia 0.3, kromiamu asilimia 15, naitrojeni asilimia 0.4. Chuma cha aina hiyo kilianza kutumika kwenye beringi za vyombo vya anga kabla hakijafika kwenye visu. Unaweza kukata nacho chambo, ukakisuuza kwa maji ya bahari yaleyale, ukakiweka mfukoni kibichi. Hakidumishi makali kama S30V, lakini hunoleka juu ya jiwe lolote, kwa hiyo mvuvi asiye na sahani ya almasi hana haja ya kuitafuta. Spyderco ya Golden, Colorado, ina safu ya visu iliyopewa jina la chumvi kabisa, Salt, ambayo imepita kutoka chuma cha H-1 cha Japani hadi LC200N na sasa MagnaCut.

Hadi hapa nimezungumzia mchanganyiko, na mchanganyiko ni nusu ya habari, pengine chini ya nusu. Chuma kilekile kikipashwa moto vibaya hutoa kisu kibaya. Vyuma hivi huingizwa tanuruni kwenye moto unaozidi nyuzi 1,000 za Selsiasi, vikapozwa kwa kasi, mara nyingine vikagandishwa kwenye baridi kali chini ya sifuri, kisha vikarudishwa kwenye moto mdogo ili ugumu upungue kidogo na uvumilivu uongezeke. Ugumu wa mwisho hutajwa kwa kipimo cha Rockwell C. S30V hufaa ikiwa kati ya 58 na 61. MagnaCut hupendeza ikiwa 62 hadi 64, na kiwanda kinachoiacha kwenye 60 kwa woga wa malalamiko ya wateja kimekupunja sehemu ya ulichokilipia. Mtengenezaji anayetaja jina la chuma kwa herufi kubwa na kunyamaza kuhusu ugumu wake, mimi humtilia shaka. Mfano wa upande wa pili ni kampuni ya Buck ya Marekani, wenye kisu cha 110 kilichotoka mwaka 1964: kwa miongo mingi wametumia 420HC, chuma cha bei ya chini chenye kaboni isiyofika nusu ya asilimia, na kwa kuwa wanakipasha moto kwa ustadi waliojifunza kwa Paul Bos, bingwa wa kupasha chuma moto, kisu chao kinakishinda kisu kilichoandikwa jina la kifahari na kufanyiwa kazi ovyo.

Na kuna umbo. Hapa ndipo ninapotofautiana na wapenzi wengi wa visu, kwa sababu mtu akinilazimisha kuchagua kati ya chuma bora kwenye bapa nene na chuma cha kawaida kwenye bapa jembamba, nitachukua la pili bila kusita. Chukua Opinel ya Ufaransa, nambari 8, kisu cha wakulima wa Savoie kilichoanza mwaka 1890, ambacho bapa lake ni jembamba kuliko milimita 2 na bei yake haifiki hata robo ya bei ya visu ninavyovizungumzia. Likate nalo embe dodo, bapa hupita hadi kokwa bila tunda kupasuka; likate kwa kisu cha kisasa chenye mgongo wa milimita 4, na nyama ya embe hutanuliwa kama inayopasuliwa na kabari, maji yakatiririka hadi kwenye kiwiko. Ndivyo ilivyo pia kwa karoti, katoni na kamba nene. Makali hufungua njia, lakini kinachofuata nyuma ya makali ndicho kinachopita au kukwama. Kabla ya kuuliza chuma, mtazamaji aulize unene wa bapa nyuma kidogo ya makali. Visu vizuri huwa na nusu milimita au chini ya hapo, ingawa ni wauzaji wachache mno wanaoitaja namba hiyo. Opinel yenyewe ina kasoro moja inayotuhusu: kipini chake ni cha mti, na wakati wa masika mti hufura ukalibana bapa hadi lisifunguke kwa kucha.

Juu ya vifungio sina mengi. Kifungio cha mgongoni, cha bamba la pembeni, cha kitufe au cha upau unaopita ndani ya kipini, vyote vikitengenezwa vizuri vinatosha kwa kazi ya mfukoni, na vikitengenezwa vibaya vyote vinaweza kukufungia kisu kwenye vidole. Hakuna kisu cha kukunja cha kupasulia dafu wala cha kubandulia mfuniko wa debe. Panga lipo, na bisibisi ipo. Ninachokitilia maanani zaidi ni uzito. Benchmade Bugout, iliyotoka mwaka 2017, ina uzito wa gramu 52 hivi, na Spyderco Para Military 2 ina karibu gramu 110. Karatasini tofauti inaonekana ndogo, lakini mwenye kanzu au suruali ya kitambaa chepesi cha pwani ataijua siku ya kwanza, pale mfuko unapovutwa upande mmoja na kisu kumgonga paja kila hatua. Tazama pia kama kisu kinafunguka kwa skrubu za kawaida, kwa sababu mchanga na unyevunyevu wa huku vitaingia kwenye bawaba, na kisu kisichoweza kufunguliwa kikasafishwa kitaanza kukwaruza kabla ya miaka miwili.

Anayeagiza kwa ndugu aliye ughaibuni amkumbushe sheria za huko, kwa sababu ndugu ndiye atakayekuwa nacho njiani. Uingereza humruhusu mtu kutembea bila sababu maalumu na kisu cha kukunja kisicho na kifungio, chenye makali yasiyozidi inchi 3. Karibu visu vyote nilivyovitaja vina kifungio, kwa hiyo haviingii humo. Ujerumani nayo inakataza kutembea hadharani na kisu kinachofunguka kwa mkono mmoja na kujifunga. Kwenye ndege kisu hukaa kwenye mzigo unaopelekwa chini, kikiwa kimefungwa, na risiti ikiwa ndani yake. Risiti ina kazi nyingine pia: visu bandia vya majina makubwa ni vingi sokoni, vimechorwa S30V au M390 kwa herufi safi kabisa, na hakuna jicho linaloweza kuthibitisha mchanganyiko wa chuma kwa kukitazama. Bei ikiwa robo ya bei ya kawaida, maandishi hayo hayana thamani.

Nikilazimika kusema ningemchagulia nini nani, ningesema hivi. Mtu wa pwani mwenye fedha na mwenye nia ya kujifunza kunoa achukue MagnaCut kwenye bapa jembamba, na sahani ya almasi. Mwenye mashua achukue LC200N. Mtu wa bara, wa Dodoma au Nairobi, anayekata katoni na kamba siku nzima, atafurahia S45VN au M390 na hatasumbuliwa na kutu. Asiyetaka kabisa habari za almasi asione haya kuchukua 14C28N ya Sweden, chuma cha bei ya wastani chenye kaboni asilimia 0.62 na kromiamu asilimia 14, kisichotajwa kwa mbwembwe popote, kinachonoleka upesi na kustahimili hewa ya chumvi vizuri; nina kisu cha namna hiyo jikoni na kile cha bei mara tano zaidi mezani, na cha jikoni ndicho kinachoshikwa na kila mtu nyumbani.

Kisu kikifika, kifungue uangalie kama bapa limekaa katikati ya kipini linapokunjwa, na kama halichezi kushoto na kulia likiwa wazi. Likicheza, skrubu ya bawaba ikazwe kidogo, robo ya mzunguko au chini yake, huku ukijaribu kukunja kila mara. Kisha kata karatasi ya gazeti kutoka kisigino hadi ncha. Mahali karatasi inapochanika badala ya kukatika pana dosari ya makali, na kasoro za namna hiyo hutoka nazo kiwandani mara nyingi kuliko bei inavyokufanya utarajie. Kwenye bawaba tia tone moja la mafuta ya cherehani. Mafuta ya kula yasitumike, yataganda kuwa gundi ndani ya miezi michache. Kwa anayeishi karibu na bahari, bapa lifutwe kwa kitambaa kikavu kila jioni, pamoja na pale palipochorwa jina la chuma.